Mtu na Hali Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Tabia, Hulka na Mahusiano

Ukishajulikana kuwa umesoma saikolojia, huli pilau ya harusi kwa raha. Jirani yako mezani atageuka akuulize, "Kwa hiyo hapa ulipo unanisoma?" Hapana, ndugu yangu, nasoma sahani. Ila maswali yanayofuata baada ya hapo huwa yale yale, na mengi yameshachunguzwa na watu waliochukua miaka kuyatafutia majibu. Nimeyakusanya hapa. Utaona jambo moja linajirudia: pale tunapomaliza mjadala kwa kusema "ndivyo alivyo huyo", tafiti nyingi zinatutaka tuulize kwanza yuko wapi, na nani, na ameshatendewa nini.

Mtu asiyeniangalia machoni anadanganya?

Hapana. Na hili ndilo jibu ambalo ningependa limfikie kila anayesaili watu kazini, kila askari na kila mwalimu wa nidhamu.

Mwaka 2006 kundi la watafiti lilichapisha majibu ya swali moja lililoulizwa katika nchi 58: utamjuaje mtu anayedanganya? Jibu lililoongoza, lililotajwa na karibu theluthi mbili ya waliohojiwa, ni kwamba mwongo hukwepa macho. Ni nadra dunia kukubaliana kiasi hicho, na hapa imekubaliana juu ya kosa. Miaka mitatu nyuma, Bella DePaulo na wenzake walikuwa wamepitia dalili zaidi ya 150 zinazodhaniwa kumuumbua mwongo, na kukwepa macho hakukuwa na uhusiano wa maana na uongo. Kisha DePaulo na Charles Bond wakajumlisha majaribio yaliyohusisha waamuzi zaidi ya 24,000 waliotakiwa kubaini nani anasema kweli na nani anadanganya. Walipatia mara 54 katika kila 100. Ukirusha sarafu utapata 50.

Kwetu kuna la ziada. Mtoto aliyelelewa akaleleka hamkazii macho mtu mzima. Anayemkodolea mkwewe macho ataulizwa amelelewa na nani. Sasa kijana huyo anaingia kwenye chumba cha usaili, anainamisha macho kwa adabu ileile aliyofunzwa na bibi yake, na msaili aliyesoma makala mbili za "lugha ya mwili" anaandika pembeni: hajiamini, huenda anaficha jambo. Niliwahi kukaa kwenye jopo la namna hiyo. Binti aliyejibu vizuri kuliko wote alikatwa alama kwa sababu ya macho yake, na aliyepewa kazi alitukazia macho kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Nilinyamaza siku ile. Leo nisingenyamaza.

Basi mwongo atajulikanaje?

Kwa maneno yake kuliko kwa uso wake. Mwache aeleze kwa urefu, umuulize asilotarajia kuulizwa, kisha ulinganishe na yale unayoweza kuyathibitisha: risiti, saa, shahidi. Wenye uzoefu wa kazi hiyo, polisi wakiwemo, hawajaonekana kuwa bora sana kuliko sisi wengine wanapotegemea kumtazama mtu tu.

Ni kweli kifunguamimba hupenda kuamuru na kitindamimba hudeka?

Ukiwatazama nyumbani, ndiyo. Mkubwa anatuma, mdogo anatumwa, au analia ili asitumwe. Wakishakuwa watu wazima, ukaenda kuwapima mbali na sebule ya mama yao, tofauti inayeyuka. Mwaka 2015 Julia Rohrer na wenzake walichambua takwimu za watu zaidi ya 20,000 wa Marekani, Uingereza na Ujerumani. Kuzaliwa wa kwanza au wa mwisho hakukuonekana kuathiri uchangamfu wa mtu, utulivu wake, upole wake wala uwajibikaji wake. Kulikuwa na tofauti ndogo mno katika vipimo vya akili, wa kwanza wakitangulia kwa unywele. (Mimi ni wa katikati. Kama kawaida, hatukupewa kichwa cha habari.)

Kinachotudanganya ni umri. Unamlinganisha dada wa miaka 15 na mdogo wake wa miaka 7, unasema mkubwa ndiye mwenye akili za kiutu uzima. Ana miaka 15! Ngoja mdogo naye aifikishe. Nikiri tu kwamba nyumba zilizopimwa si zile za watoto wanane ambamo dada mkubwa amebeba wadogo zake mgongoni tangu yeye mwenyewe akiwa mtoto. Hapo nisingeshangaa kukuta alama. Lakini hata alama hiyo ingetoka kwenye kazi aliyopewa, haikuandikwa kwenye namba yake ya kuzaliwa.

Nimesikia kwamba mtoto asiyeweza kungoja peremende moja hatafanikiwa maishani. Wangu hawezi kungoja hata chai ipoe.

Mwache anywe chai yake.

Jaribio lenyewe ni la Walter Mischel, aliyelifanya katika shule ya chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtoto anawekwa mezani na peremende laini moja. Anaambiwa: ukiila sasa, ni hiyo moja, ukinisubiri nirudi, utapata mbili. Miaka mingi baadaye, waliosubiri zaidi walikuwa na alama nzuri zaidi shuleni, na hapo hadithi ikaondoka na upepo: kujizuia ndiko kufanikiwa. Wengi hawakujali kwamba watoto hao walikuwa wachache, na wengi wao wa walimu na wanafunzi wa chuo kilekile.

Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walirudia kwa watoto zaidi ya 900 wa familia za aina nyingi. Uhusiano ulibaki nusu ya ule wa awali, na ulipowekwa kwenye mizani pamoja na hali ya nyumbani na elimu ya mama, ulisinyaa kwa karibu theluthi mbili. Mtoto ambaye nyumbani kwao kesho ina uhakika wa chakula husubiri kwa urahisi. Wala si ajabu.

Celeste Kidd alikuwa ameshaligusa hilo mwaka 2013 kwa njia ambayo naipenda sana kwa urahisi wake. Kabla ya peremende, kila mtoto aliahidiwa na mtu mzima vifaa bora vya kuchorea. Kwa nusu ya watoto, yule mtu mzima alirudi navyo. Kwa nusu nyingine alirudi mikono mitupu, akaomba radhi. Peremende ilipoletwa, waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12, na walioahidiwa hewa walisubiri dakika 3. Ni watoto wa aina ileile, wa umri uleule. Wa pili walikuwa wameshajua kwamba huyu mkubwa maneno yake hayaliki.

Halafu kuna Cameroon. Bettina Lamm na wenzake walilipeleka jaribio kwa watoto wa miaka minne wa jamii ya Wanso, watoto wa wakulima, wakitumia kitumbua cha kukaanga cha kwao, kinachofanana na maandazi au kalimati zetu. Waliweza kusubiri karibu 7 katika kila 10. Watoto wa Ujerumani wa tabaka la kati, chini ya 3 katika kila 10. Wajerumani walijinyonganyonga kwenye viti, wakaimba, wakageukia ukuta. Wanso walikaa tu, na baadhi wakapitiwa na usingizi mezani. Hawakuwa na mafunzo yoyote ya kujizuia. Walikuwa wamelelewa mahali ambapo mtoto hukaa kwa utulivu mtu mzima akimwambia akae, na mkubwa akisema anarudi, huwa anarudi.

Hulka ni ya kuzaliwa au ya malezi?

Vyote, karibu nusu kwa nusu. Mwaka 2015 Tinca Polderman na wenzake walijumlisha tafiti za mapacha za miaka 50, na kwa wastani wa sifa zote zilizopimwa, urithi ulieleza asilimia 49 ya tofauti kati ya watu. Angalia maneno: tofauti kati ya watu. Hakuna anayeweza kukuambia kwamba asilimia 49 ya ukali wako umetoka kwa baba.

Vile vipimo vya herufi nne vinavyosambazwa mitandaoni vinaaminika?

Kwa kupitishia muda, sawa. Kwa kuajiri au kuchagua mchumba, hapana. Dodoso la Myers-Briggs lilitungwa na Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers kutokana na mawazo ya Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi, na kati ya mama na binti hao hakuna aliyesomea saikolojia. Kosa lake kubwa ni kuwakata watu vipande viwili, wakimya huku na wachangamfu kule, wakati wengi wetu tuko katikati. Ndiyo maana watu wengi wakirudia kipimo baada ya wiki chache wanajikuta wamehamia kundi jingine.

Watafiti wengi hutumia sifa kuu tano, na kila moja huwa ni kiwango kama joto, hakuna anayewekwa chumbani na kufungiwa: udadisi wa mambo mapya, uwajibikaji, uchangamfu, upole kwa wengine, na wepesi wa kuingiwa na wasiwasi. Hizi zina nguvu zaidi. Lakini nazo zilichimbuliwa kutoka kwenye maneno ya Kiingereza na lugha nyingine chache ambayo watu huyatumia kuelezana.

Mwaka 2020 Amber Gayle Thalmayer, Gerard Saucier na wenzao walichapisha kazi waliyoifanya kwa Kimaa, lugha ya Wamaasai wa Kenya na Tanzania. Walikusanya maneno yanayotumiwa na Wamaasai wenyewe kueleza mtu alivyo, wakawaomba watu wawaeleze wanaowafahamu. Yale mafungu matano ya Wazungu hayakujitokeza vizuri. Fungu kubwa kuliko yote lilihusu wema, kama mtu huyu ni mwema, mwenye maadili, au sivyo. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa hilo. Tukitaka kumlaani mtu kabisa hatusemi ana alama ndogo za upole. Tunasema "yule si mtu".

Kuna na kizingiti kingine, cha adabu. Mwaka 2019 Rachid Laajaj na wenzake walionyesha, kwa takwimu za nchi 23 za kipato cha chini na cha kati, kwamba madodoso ya sifa tano yanayoulizwa ana kwa ana mara nyingi hayapimi yanachodai kupima. Sehemu ya sababu ni kwamba waulizwaji huwa wepesi wa kukubali. Mgeni amekuja na karatasi, amekaribishwa kiti, anauliza kama wewe ni mchapakazi. Ndiyo. Kama wewe ni mvivu wakati mwingine? Eeh, ndiyo pia. Karibu chai.

Mtu mzima anaweza kubadilika? Si samaki mkunje angali mbichi?

Anaweza, polepole. Brent Roberts na wenzake walipojumlisha tafiti 92 zilizowafuata watu kwa miaka, mwaka 2006, waliona kwamba wengi wanakuwa wawajibikaji zaidi na watulivu zaidi kadiri wanavyokua, hasa kati ya miaka 20 na 40. Kazi, ndoa, watoto na kodi ya nyumba hukunja hata samaki aliyeanza kukauka.

Kama unataka kubadilisha tabia ndogo, usiamini zile siku 21. Zimetokana na Maxwell Maltz, daktari wa upasuaji wa urembo, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea sura zao mpya. Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 wakijenga mazoea, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa au kukimbia kidogo kabla ya chakula cha jioni. Wastani ulikuwa siku 66, na kati ya mtu na mtu ulicheza kuanzia siku 18 hadi makadirio ya 254. Habari njema ni kwamba kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Na kila mmoja aliyafunga mazoea yake kwenye jambo ambalo tayari lipo kila siku. "Baada ya swala ya alfajiri nitatembea" ni mpango. "Nitaanza mazoezi" ni ahadi ya mwaka mpya.

Mwanangu analelewa na bibi yake kijijini, mimi niko mjini nafanya kazi. Ataathirika?

Hili huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi na akina mama, na huja limebeba hatia ambayo mtu ameisoma mahali. Kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu kidogo.

Nadharia ya mafungamano ya mtoto na mlezi husimuliwa kana kwamba ilizaliwa Ulaya na Marekani. Mwanzo wake mmoja mkubwa uko Uganda. Mary Ainsworth, mwanasaikolojia kutoka Kanada, alifika Kampala mwaka 1954 kwa sababu mumewe alikuwa amepata kazi huko. Hakukaa bure. Alitafuta mkalimani, akaenda vijiji vya jirani, akawatembelea Waganda katika nyumba 26 zenye watoto wachanga 28, kila baada ya wiki mbili hivi, kwa miezi. Aliketi nao sebuleni akitazama. Aliona mtoto anatambaa kwenda kuchunguza kitu, anageuka kumwangalia mama, anaendelea, akitishika anarudi mbio. Mama ni kama bandari: chombo hutoka kwa sababu kinajua pa kurudi. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1967, na lile jaribio lake maarufu la kumwacha mtoto na mgeni chumbani, alilolifanya baadaye Baltimore, lilisimama juu ya aliyoyaona Uganda.

Sasa angalia alichokikuta. Watoto walikuwa wamefungamana na mama, ndiyo, na wengi walifungamana pia na baba, bibi, dada wakubwa. Na katika kuwatofautisha watoto waliotulia na wasiotulia, alivutiwa na jambo moja la kawaida kabisa: mama za waliotulia walikuwa na mengi ya kusema kuhusu watoto wao. Huyu hapendi uji wa moto. Huyu akiona kuku hucheka. Walikuwa wanawajua.

Kwa hiyo swali la kumuuliza bibi kwa simu ni hilo. Anamjua? Yupo siku zote, au mtoto anapokezwa leo shangazi kesho jirani? Bibi mmoja anayemjua mtoto na asiyetoweka ni bandari kamili. Kinachoumiza ni kuhamishwa hamishwa, na kuchukuliwa ghafla siku mzazi anapopata uwezo, kana kwamba anayeachwa nyuma hakuwa mtu wa maana. Ukimchukua, mruhusu amlilie bibi yake.

Wenye tabia tofauti huvutiana?

Katika tamthilia. Tanya Horwitz na wenzake walikusanya mwaka 2023 tafiti nyingi za wenzi kuhusu sifa 22, na kwa sehemu kubwa sana wenzi walifanana, hasa katika elimu, msimamo wa dini na siasa, na mazoea kama kuvuta sigara na kunywa. Kwenye hulka mfanano ulikuwa mdogo, mkimya anaweza kuoa mkimya au mchangamfu, lakini dalili za kinyume kuvuta kinyume hazikuonekana kwa nguvu.

Kipi hasa huvunja ndoa?

John Gottman, katika maabara yake Chuo Kikuu cha Washington huko Seattle, aliwarekodi mamia ya wenzi wakizungumzia jambo wanalogombania, kisha akafuatilia nani waliachana. Alitaja mambo manne ya kuogopwa: kumlaumu mtu badala ya kitendo, dharau, kujitetea kila mara, na kununa. Nimetumia "kununa" kwa sababu hakuna lugha iliyolitendea haki neno hilo kama yetu. Mtu yupo, anakula, anaoga, anatoka, lakini ameufunga mlango kwa ndani. Kwa Gottman, sumu kali kuliko zote ni dharau: kubetua mdomo, kuiga sauti ya mwenzio, kumcheka mbele ya watoto.

Alisema pia kwamba wenzi waliodumu walikuwa na mambo mazuri matano kwa kila baya moja, hata katikati ya ugomvi. Tahadhari hapa. Yale madai kwamba aliweza kutabiri talaka kwa usahihi wa zaidi ya asilimia 90 yalikosolewa, kwa kuwa hesabu ilitengenezwa baada ya kujua nani wameshaachana. Ni rahisi kutabiri mechi ya jana. Orodha ya mambo manne, hata hivyo, kila nikiisoma mbele ya wanandoa huwa kuna anayemkanyaga mwenzake mguu chini ya meza.

Pwani tuna mlango wa tano, ambao Gottman hakuukuta Seattle: kanga. Mke anajifunga maneno anayotaka yasomwe, anapita ukumbini mara tatu, hasemi kitu. Je, ni kununa au ni mazungumzo? Kwa kuwa ujumbe unafika na wenye nyumba wanaujua, mimi naiweka kwenye mazungumzo. Msomi mwingine ataniandikia kunipinga.

Ndoa ya kutafutiwa na wazazi ina mapenzi kidogo?

Mwaka 1982 Usha Gupta na Pushpa Singh waliwapima wenzi 50 wa Jaipur, India. Waliooana kwa mapenzi walianza juu wakashuka kadiri miaka ilivyopita. Waliotafutiwa walianza chini wakapanda. Ni simulizi tamu, na hunukuliwa na kila mshenga aliyepitia chuo. Lakini ni watu wachache, na utafiti wa 2012 kwa Wahindi waishio Marekani haukuona tofauti yoyote kati ya makundi hayo mawili. Usiijengee nyumba.

Kwa nini tukiwa wengi hakuna anayesaidia?

Hili liliingia vitabuni baada ya Kitty Genovese kuuawa New York mwaka 1964. Gazeti la New York Times liliandika kwamba mashahidi 38 walitazama wasifanye lolote. John Darley na Bibb Latané wakatengeneza jaribio, lililochapishwa mwaka 1968: mwanafunzi anasikia kwenye vifaa vya masikioni mwenzake akipatwa na kifafa. Waliodhani ni wao peke yao wanaosikia walitoka kutafuta msaada kwa asilimia 85. Waliodhani kuna wengine wanne, asilimia 31. Kila mmoja alingoja mwingine.

Lakini ile habari ya gazeti ilitiwa chumvi. Baadaye gazeti lenyewe lilikiri hivyo. Na Richard Philpot na wenzake walipoacha maabara wakatazama kamera za barabarani, walikuta picha nyingine. Walichambua ugomvi halisi 219 katika miji mitatu: Amsterdam, Lancaster ya Uingereza, na Cape Town. Katika 9 kati ya 10, angalau mpita njia mmoja aliingilia kati: aliamulia, alimvuta mtu pembeni, alimtuliza aliyepigwa. Na watu walipokuwa wengi zaidi, uwezekano wa kupata msaada uliongezeka. Cape Town, mji wenye hatari kuliko miwili ile mingine, haukuwa tofauti.

Jaribio la 1968 si la uongo. Wale wanafunzi walikuwa kila mmoja chumbani mwake, hawaonani, hawajui mwenzao anafanya nini. Kituo cha daladala hakiko hivyo. Ukianguka wewe, mchague mtu kwa nguo yake: "Kaka wa shati jekundu, nishike mkono."

Hasira bora itoke, si ndiyo? Nikipiga kelele naona nimepona.

Unaona hivyo. Mwaka 2002 Brad Bushman aliwakasirisha wanafunzi 600. Baadhi walipiga mfuko wa ndondi huku wakimfikiria aliyewaudhi. Hao ndio waliobaki na hasira kubwa na kulipiza kisasi zaidi. Waliokaa tu bila kufanya kitu walikuwa na nafuu. Mwaka 2024 yeye na Sophie Kjærvik wakajumlisha tafiti 154, na kilichopunguza hasira ni yale yanayoshusha mapigo ya moyo: kupumua taratibu, kutulia, tafakuri. Kukimbia hakukusaidia, na hata kulielekea kuongeza hasira. Wazee waliosema ukikasirika umesimama uketi walikuwa na akili.

Nilikwenda kazini na doa kwenye shati. Siku nzima nilijua kila mtu analitazama.

Thomas Gilovich na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwavisha wanafunzi fulana yenye picha ya mwimbaji wa kuonea aibu, wakawaingiza chumbani kwa wenzao. Walidhani karibu nusu ya waliokuwemo wameigundua. Ilikuwa takriban robo. Wengine walikuwa wanawaza mashati yao.

Mbona ukubwani marafiki hawapatikani?

Saa hazipo. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alikadiria mwaka 2018 kwamba inachukua saa 50 hivi za kuwa pamoja ili mtu atoke kuwa unayemfahamu hadi kuwa rafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 hadi awe wa karibu. Shuleni saa 200 ni wiki chache za bweni. Mjini, mkionana saa mbili kila Jumamosi, ni miaka miwili.

Na umbali. Leon Festinger na wenzake, katika nyumba za wanafunzi wenye ndoa kwenye taasisi ya teknolojia ya MIT, Marekani, waliona kwamba asilimia 41 ya waliopakana mlango kwa mlango walitajana kuwa marafiki, na asilimia 10 tu ya wanaoishi miisho miwili ya ukumbi mmoja. Hapo ndipo thamani ya kijiwe cha kahawa: pale pale, saa ile ile, hakuna anayehitaji kualikwa. Wanaotaka kuvifuta vijiwe kwa sababu ya "uvivu" wangehesabu kwanza saa zinazotengenezwa pale.

Kwa hiyo tuamini tafiti zipi?

Zilizorudiwa. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Brian Nosek lilirudia tafiti 100 za saikolojia. Za awali zilikuwa zimetangaza mafanikio kwa asilimia 97. Zilizorudiwa zilipata asilimia 36. Lile pozi la kusimama umetanua mikono kiunoni ili homoni zikupe ujasiri, lililotangazwa 2010, lilianguka 2015 lilipojaribiwa kwa watu 200, na Dana Carney, mmoja wa waanzilishi wake, akatangaza mwaka uliofuata kwamba haliamini tena. Mwanasayansi anayefuta kauli yake hadharani anastahili heshima kuliko anavyopata.

Uliza pia waliopimwa ni akina nani. Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan walikumbusha mwaka 2010 kwamba asilimia 96 ya washiriki katika majarida makubwa ya fani hii walitoka nchi zilizoendelea za Magharibi, zenye asilimia 12 ya watu wa dunia. Kitu kinachoitwa "binadamu" kwenye kichwa cha habari huenda ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa Michigan.

Nina mawazo. Niende kwa nani?

Kwa Kiswahili, mtu akisema "nina mawazo" hatumuulizi mawazo gani, tunajua hapati usingizi. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Kama umefikia kuwaza kujidhuru, mwambie mtu leo hii na uende naye hospitali ya karibu. Usingoje kumaliza ukurasa huu.

Kwa mengine, kuna habari kutoka Harare. Dixon Chibanda, daktari wa akili, hakuwa na wataalamu wala majengo, kwa hiyo mwaka 2006 alianza na akina bibi 14 wa mtaa wa Mbare, wahudumu wa afya wa kujitolea, akawafundisha kusikiliza kwa mpango. Waliketi na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Mwaka 2016 jaribio lenye washiriki 573 lilionyesha kwamba baada ya miezi sita, waliokaa na wasikilizaji hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umeshafika Malawi, Zanzibar, hata New York.

Wanachofanya pale hakina siri. Hatua ya kwanza inaitwa kuvhura pfungwa, na Mswahili ataisikia hata bila mkalimani: kufungua fikra. Unayamwaga yote, madeni, mume, mtoto aliyefukuzwa ada, maumivu ya mgongo. Bibi hakatizi. Yakishakwisha kutoka, anakutaka uchague moja tu kati ya hayo, mlishughulikie wiki hii, kisha urudi umweleze limefikia wapi.